Dishi Moja kwa Jengo Zima la Wapangaji

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam huniita wakati paa limekwishajaa madishi, kila mpangaji akiwa ametoboa ukuta na kuteremsha waya wake. Dishi moja linaweza kuhudumia jengo zima, ila si kwa kuligawa kwa kigawanyaji cha bei rahisi, na ni vyema sababu yake ieleweke kabla fundi hajalipwa.

King'amuzi hakipokei tu, bali pia huiamuru LNB, yaani kichwa kilicho mbele ya dishi kinachonasa mawimbi. Kupitia waya uleule hupeleka volti 13 kikitaka mawimbi ya wima na volti 18 kikitaka ya mlalo, kisha huongeza mdundo wa kilohezi 22 kikitaka masafa ya juu. Wapangaji wawili wakiungwa kwenye waya mmoja, huyu akitazama taarifa ya habari na jirani yake akahamia kwenye mpira ulio upande wa mlalo, volti 18 hushinda na taarifa ya habari hupotea, ingawa hakuna kifaa kilichoharibika. Dawa yake ni LNB ya aina ya quattro, inayotoa makundi yote manne ya mawimbi (wima na mlalo, kila moja kwa masafa ya chini na ya juu) kwa pamoja kupitia nyaya nne, na multiswichi inayompa kila mpangaji kundi analolihitaji. Antena ya chaneli za bure huingia kwenye tundu la tano. Kifurushi kila mpangaji hujilipia mwenyewe.

Kwa intaneti, napinga kabisa ruta moja ya Wi-Fi kuwekwa kwenye ngazi. Zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi, na wote wakiwa mtandao mmoja, mtoto wa ghorofa ya pili anaweza kurusha katuni kwenye televisheni ya familia ya ghorofa ya tatu. Nafunga waya wa mtandao wa Cat6 usiozidi mita 100 kutoka kwenye swichi ya mtandao hadi kila nyumba, kila nyumba ikitengwa kwa VLAN yake, yaani mtandao wake ndani ya swichi ileile, na kuwekewa ukomo wa kasi, ili anayepakua michezo usiku asiwakwamishe wenzake. Kifurushi cha nyumbani kisiuzwe kwa wapangaji. Mwenye nyumba aandikiane mkataba na mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au amwachie mtoa huduma huyo ashughulike na kila mpangaji moja kwa moja.

Vifaa hivi vyote vichukue umeme kwenye mita ya LUKU ya taa za ngazi, kamwe si kwa mpangaji mmoja, kwa sababu uniti zake zikiisha, jengo zima hukosa picha na intaneti mpaka arudi kutoka kazini.