Shimo la Mita Moja Nyuma ya Bweni

Wanafunzi wapya wa akiolojia hapa Njoro hunijia na tamaa ileile: wanataka kupata fuvu. Siwalaumu. Kaunti ya Nakuru ina Hyrax Hill na Kariandusi, maeneo maarufu ya akiolojia, na ni kando ya mto huuhuu wa Njoro ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua, mwaka 1938, pango la mazishi la wafugaji walioishi kama miaka 3,000 iliyopita. Maiti walikuwa wamechomwa moto, wakazikwa na mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na shanga. Moto huo ndio uliotuhifadhia hata kibuyu, kwa kuwa kilichogeuka kaa hakiozi.

Mimi huwaanzishia nyuma ya bweni. Tukishakuwa na kibali, maana Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuchimbua mambo ya kale kwa hiari yake, tunapiga uzi wa fundi kwenye vigingi vinne na kupata mraba wa mita moja. Jembe tunaliweka kando. Tunakwaruza kwa mwiko wa mwashi, sentimita 10 kwa wakati, na udongo wote unapita kwenye chekeche. Kila ngazi ina mfuko wake na ukurasa wake daftarini. Wengi huona kazi hii inachosha mpaka waelewe kwamba kigae cha chungu kilichong'olewa bila kuandikwa kilikolala ni sawa na ushahidi uliofutwa. Hakuna atakayejua tena kilikuwa na nani, juu ya nini, chini ya nini.

Chini kabisa huwa tunategemea kukuta obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Ukiinua kipande chembamba dhidi ya jua, kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya moshi, na ukipitisha kucha taratibu unahisi vimeno vidogo pale mtu alipokinoa. Obsidiani ya mlima Eburru ilisafiri hadi Gogo Falls kule Migori, kama kilomita 200, enzi za wafugaji wa kale. Mwanafunzi wa Migori anayesoma hapa hushtuka akisikia hivyo, nami hufurahi sana kumwona akishtuka.

Lakini ninalotaka kusema hasa linahusu tabaka la juu, lile wanafunzi hutaka kulipita mbio. Eneo hili lilikuwa mashamba ya walowezi. Chuo Kikuu cha Egerton chenyewe kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Habari za wenye mashamba zimejaa kwenye makabrasha. Za waliokamua ng'ombe na kulala kwenye laini, yaani safu za vibanda vya wafanyakazi, ni chache mno, na nyingi huandikwa na mwajiri: jina, mshahara, adhabu. Walichokula, walichorekebisha kwa mikono yao, walichowanunulia watoto, hayo yamo kwenye majalala yao. Mwanafunzi anayetupa kifungo cha shati ili afike haraka kwenye obsidiani anawanyamazisha watu wale wale mara ya pili.

Ndiyo maana nasisitiza kuonyesha vitu shimo likiwa bado wazi, tusingoje ripoti. Tunatandika turubai, tunapanga vitu kwa ngazi zake, na wanafunzi wanawaeleza wapishi, walinzi, watoto wa shule ya jirani na wazee, kwa Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjin. Anayeshindwa kumweleza mpishi kwa nini tabaka la chini ni la kale kuliko la juu, bado hajaelewa somo.

Safari moja wanafunzi walikuwa wameliita "chujio" kopo la bati lililojaa matundu ya msumari. Bibi mmoja aliyezaliwa laini alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole upande wenye ncha.

"Hili si chujio, wajukuu wangu. Tulikuwa tunakwaruzia mahindi mabichi. Matundu yametobolewa kutoka ndani, hamuoni?"

Waliona. Wakafuta neno "chujio", wakamwomba awaeleze mahindi hayo yalipikwaje, na mmoja akaandika maelezo yake yote kwenye ukurasa wa ngazi ile, kando ya mchoro wa kopo. Sasa kila ukurasa wa daftari letu una nafasi ya maneno ya mashahidi, na turubai likitandikwa, kiti cha kwanza ni cha wazee.