Bibo si tunda, tunda ni korosho

Ukiuliza Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, tunda la mkorosho ni lipi, utaonyeshwa bibo: lile jekundu au la njano, lenye maji tele na ukakasi unaobaki ulimini. Korosho, utaambiwa, ni mbegu iliyoota nje. Wengi tumekua tukiamini hivyo.

Kumbe ni kinyume. Tunda halisi ni korosho yenyewe na ganda lake la kijivu. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Nenda shambani mikorosho inapoanza kuzaa, utazame kwa karibu. Kwanza hutokea kikorosho cha kijani, kimepinda kama figo, kinaning'inia kwenye kikonyo chembamba. Kinakua mpaka kinakaribia ukubwa wake wote, na bibo bado halipo. Ndipo kikonyo kinapoanza kunenepa, kujaa maji na kubadilika rangi. Mbegu ni ile nyeupe tunayoitafuna, iliyofichwa ndani ya ganda. Pasua bibo utakavyo, hukuti kokwa.

Ganda hilo lina mafuta makali yanayobabua midomo na vidole, na wabanguaji wanayajua vizuri. Si ajabu: mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na utomvu wa embe nao huwasha.

Mti wenyewe asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioufikisha pwani yetu katika karne ya 16. Wanaouita mkanju wamehifadhi alama ya safari hiyo, kwani Wareno husema "caju", neno walilolichukua kwa Watupi, wenyeji wa Brazili.