Ujasiri wa kuahirisha vita: Sun Tzu na kiongozi wa askari

Asubuhi ya tarehe 26 Januari 1954, jeshi la Jenerali Vo Nguyen Giap, lililopigania uhuru wa Vietnam dhidi ya ukoloni wa Ufaransa, lilikuwa linasubiri amri ya kuishambulia ngome ya Wafaransa huko Dien Bien Phu, kaskazini magharibi mwa Vietnam. Mizinga ilikuwa imekokotwa kwa kamba na nguvu za mikono kupita milimani. Washauri wa Kichina na makamanda wake wengi walikuwa wamekubaliana na mpango wa kupiga haraka na kumaliza kwa siku chache. Giap akaufuta mpango huo. Akaamuru mizinga irudishwe nyuma kwa njia zile zile, kwa mikono ile ile.

Mfikirie askari aliyekesha akivuta mzinga usiku baada ya usiku, halafu anaambiwa ageuze.

Baadaye Giap alisema huo ndio uliokuwa uamuzi mgumu kuliko yote katika maisha yake ya ukamanda. Askari wake hawakuwahi kushambulia ngome kubwa kiasi kile, watu wa mizinga na wa miguu walikuwa bado hawajazoea kupigana pamoja, na adui alikuwa amejiimarisha tangu mpango ulipochorwa. Kwa zaidi ya wiki sita walichimba mahandaki, wakaificha mizinga ndani ya vilima, wakalundika chakula na risasi. Baiskeli za wapagazi ziliimarishwa hadi zikabeba zaidi ya kilo 200 kila moja. Shambulio lilianza tarehe 13 Machi, na tarehe 7 Mei ngome ikaanguka. Damu ilimwagika kwa wingi pande zote mbili, hilo tusilifiche. Lakini naamini shambulio la Januari lingewamaliza vijana wale bure.

Ninapowafundisha maofisa vijana kuhusu Sun Tzu, naanzia hapo. Jemadari huyo, anayesimuliwa kuwa alitumikia dola la Wu katika China ya kale mwishoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, ndiye anayehesabiwa mwandishi wa kitabu cha Sanaa ya Vita, chenye sura 13 fupi ambazo wengi huzisoma kwa ajili ya hila na udanganyifu tu. Mimi huwapeleka sura ya 10. Anasema pale kwamba kamanda asonge mbele bila kutafuta sifa na arudi nyuma bila kukwepa lawama, nia yake ikiwa kuwalinda watu. Kusonga mbele kila ofisa anakujua, kwani gwaride zima limejengwa juu yake. Kurudi nyuma na kubeba lawama hakuna anayekupigia makofi.

Giap hakuwa peke yake katika hilo. Kabla hajaondoka kwenda mstari wa mbele, Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam, ambaye mwenyewe aliandika kwa Kivietnam kuhusu mafundisho ya Sun Tzu, alimpa mamlaka kamili na kumwagiza apigane akiwa na uhakika wa kushinda, na asipokuwa nao asipigane. Sun Tzu anamwonya vikali mtawala anayeamuru jeshi lisonge au lirudi bila kujua hali ilivyo uwanjani. Onyo hilo lina uzito zaidi leo, maana kamanda aliyeketi mbali anaweza kuuona uwanja kwa kamera ya droni na kutamani kumwelekeza koplo apite mtaro upi. Picha ile haimwonyeshi uchovu wa seksheni, yaani kikundi kidogo cha koplo huyo, wala hofu yake. Tuwaache waliopo waamue.

Kuna na suala la nidhamu, ambapo viongozi wapya hukosea sana. Sun Tzu anasema askari wakiadhibiwa kabla hawajafungamana na kamanda hawatatii kwa moyo, na wakishafungamana naye, asipowaadhibu wanapokosa, hawatafaa kitu. Linalotangulia ni kufungamana. Luteni anayefika kikosini Jumatatu na kugawa adhabu Jumanne, kabla hajajua majina ya watu wake, ameanzia mwisho.

Si kila neno lake la kufuatwa. Anashauri askari wafichwe mipango na waswagwe kama kundi la kondoo, na jeshi lijilishe kwa chakula cha nchi ya adui. Askari wa leo anayejua kwa nini amepewa kazi anaweza kuendelea hata kiongozi wake akianguka. Uporaji nao umekatazwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na hakuna busara ya kale inayoweza kuuhalalisha.

Kisa ninachomalizia darasani ni cha Wu Qi, jemadari mwingine wa China wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alikula chakula cha askari wa kawaida, akalala walipolala, akabeba posho yake mwenyewe. Siku moja askari mmoja alipata jipu, Wu Qi akalifyonza usaha kwa mdomo wake. Mama wa kijana alipopata habari alilia. Watu wakashangaa: jemadari mzima amemfanyia mwanao hivyo, nawe unalia? Akajibu kwamba Wu Qi alimfanyia hivyo hivyo baba yake kijana, na mumewe hakurudi nyuma hata hatua moja vitani hadi adui alipomuua. Sasa hajui mwanawe naye atafia wapi.