Kanuni ya Auni: Kazi Hii ni ya Nani?

Katika mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki kuna kanuni inayosikika sana kwenye hotuba za maaskofu na mara chache mno kwenye mazungumzo yetu ya kawaida baada ya misa. Ni kanuni ya auni. Inasema kwamba jambo ambalo mtu, familia au kikundi kidogo kinaweza kulifanya chenyewe, chombo kikubwa kisiwanyang'anye. Na pale wadogo wanapoelemewa, mkubwa ana wajibu wa kuwasaidia, kwa namna itakayowarudishia uwezo wa kufanya kazi yao.

Wengi hushika nusu moja tu. Mmoja husikia auni akadhani maana yake ni Serikali ikae mbali, kila mtu apambane na hali yake. Mwingine husikia neno msaada akangoja wa juu aje afanye kila kitu. Kanisa halifundishi hata moja kati ya hayo mawili, ndiyo maana mapapa huitaja auni pamoja na mshikamano.

Mizizi yake iko kwa Papa Leo XIII, ambaye mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao na haki ya familia kutomezwa na dola. Miaka 40 baadaye, tarehe 15 Mei 1931, Papa Pius XI aliitamka kanuni yenyewe waziwazi katika waraka Quadragesimo Anno. Tazama alikuwa akiandika wakati gani: uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka tangu 1929, na Italia ilikuwa mikononi mwa Mussolini, ambaye serikali yake mwaka huohuo wa 1931 ilivunja vikundi vya vijana wa Kikatoliki. Kwa hiyo Pius XI hakuishia kusema kwamba kuwapokonya wadogo kazi yao ni utawala mbaya. Alisema ni udhalimu.

Kwa nini udhalimu? Katekisimu, namba 1884, inajibu kwa hoja ambayo mimi huiona kuwa moyo wa fundisho lote. Mungu mwenyewe hakutaka kujiwekea peke yake utekelezaji wa mamlaka yote. Kila kiumbe amekikabidhi kazi kinayoiweza. Na wanaotawala binadamu wanapaswa kuiga mwenendo huo wa Mungu. Muumba wa mbingu na nchi anamwachia mama aumbe tabia ya mwanawe, anawaachia wanakijiji wapatane juu ya njia yao. Ofisa anayeona hakuna kinachokwenda bila muhuri wake anadai mamlaka ambayo hata Mungu hakujidai.

Sisi wa Moshi hatuhitaji kwenda Roma kutafuta mfano. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji, inayoshuka kwenye vihamba (mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa) vya Marangu, Kilema, Kibosho na Machame imesimamiwa kwa vizazi na watumiaji wake. Wanapangiana zamu, wanatoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua tope, wanamtoza faini anayekwepa. Lakini maji hayo hayaishii kihambani. Yanashuka tambarare, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakwenda mpaka kwenye mitambo ya umeme ya mto Pangani. Kamati ya mfongo mmoja haiwezi kuona yote hayo, na ndiyo sababu kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi. Bodi ikisuluhisha wa mlimani na wa bondeni, hiyo ni auni. Ingejaribu kupanga nani afungue maji kihambani Jumanne asubuhi, ingevuka mpaka.

Mfano wa pili unauma zaidi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mwaka 1972 Serikali ikaanza kufuta serikali za mitaa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, KNCU kikiwamo. Kazi ya wakulima ikahamia kwa vyombo vya Serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na Kanisa limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Alipohojiwa mwaka 1984, alitaja hatua hizo mbili kuwa ndizo asingezirudia kama angeanza upya. Sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimeshafungua njia ya kuvirudisha vyote viwili. Namheshimu sana kwa kauli hiyo, kwa sababu alikuwa na nia njema tangu mwanzo. Nia njema ya mkubwa haitoshi.

Ila tusiishie kuinyooshea Serikali kidole. Auni inaingia hadi sebuleni. Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba shule inawasaidia. Hapa Moshi na Arusha, mijini kwenye shule nyingi, tulizoea kuona mtoto wa miaka sita akipelekwa bweni na sanduku lenye jina lake. Najua wazazi wanaosafiri kikazi, najua wajane, na siwahukumu. Kwao bweni ni msaada wa kweli. Nawazungumzia wenye uwezo wa kukaa na mtoto wakachagua kutokaa naye. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa darasa la nne kushuka chini, isipokuwa kwa kibali. Wapo walionung'unika kwamba Serikali inaingilia haki ya mzazi. Mimi naona kinyume: ilimrudishia mzazi kazi aliyokuwa ameigawa. Simu anayopewa mtoto mezani ili atulie inaangukia swali hilohilo: kazi hii ni ya nani?

Ndani ya Kanisa pia kuna la kusema. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, Kanisa lianzie kwenye nyumba za majirani. Lakini zipo jumuiya ambazo kila Jumamosi alfajiri kazi yake imebaki kusoma tangazo la michango kutoka parokiani. Jumuiya ina macho ya kumjua nani hajala, ndoa gani inayumba, kijana gani ameacha sakramenti. Ikisubiri paroko aamue hata siku ya kumtembelea mgonjwa, basi tumeijenga kwa jina tu.

Na tukimtaja mgonjwa, mpaka wa upande wa pili unaonekana. Chukua mwenye ugonjwa wa figo. Majirani watampikia uji, watamfulia, watakaa na watoto wake, watamwita padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Hakuna wizara itakayofanya hayo vizuri kuliko wao. Lakini kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, mwezi baada ya mwezi, hakulipiki kwa bahasha ya kaya kumi na tano. Kuwaambia waendelee kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp, eti ndiyo auni, ni kuipindua kanuni. Hapo parokia, jimbo na Serikali wanadaiwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; kuuliza imefikia wapi kwenye kata yako ni sehemu ya kumhudumia mgonjwa huyo.