Bwawa la laina: kuingia rahisi, kutoka ndo kazi

Mbukwa jamani. Mi ni mtu wa usalama na afya kazini, na tangu watu wa Dodoma wachangamkie mabwawa ya samaki, huku Nala, Ihumwa, Makutupora mpaka Hombolo, naitwa sana kwenda kushauri. Naulizwa sato wangapi wanakaa mita moja ya mraba, chakula cha kuelea kinapatikana wapi, maswali ya afisa uvuvi hayo wala sio yangu. Kijana anayelisha hao samaki akidumbukia anatokaje? Hilo sijaulizwa hata siku moja.

Mi jibu nimelipata kwa kudumbukia mwenyewe.

Ardhi yetu sehemu nyingi inanywa maji halafu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kwahiyo mwenye hela hachimbi akaacha udongo wazi, anatandika laina, lile plastiki nene jeusi. Sasa likishakaa na maji miezi kadhaa linaota utelezi wa kijani, mbolea na mabaki ya chakula ndo yanaulisha, na kingo zimechongwa mteremko. Nilikuwa nakagua shamba moja nikakanyaga ukingo na gambuti zangu, nikashuka mzima mzima. Maji yalinifika kifuani tu, wala sio kina cha kutisha, ila kila nikipanda narudi, kucha zinakwangua ule uteute, gambuti zimejaa maji zimekuwa nzito kama mawe, pumzi inakata. Kijana wa pale akanirushia paipu ya pampu, "Mama usipige miguu, shika tu." Akanivuta kama furushi. Bosi wake alikuwa Dar.

Fikiria ni saa kumi na mbili asubuhi, kijana yuko peke yake, hajui kuogelea. Hapo hata maji ya kiuno yanamtosha.

Dawa yake haifiki hata bei ya mfuko mmoja wa chakula. Piga nguzo nje ya bwawa, funga kamba nene yenye mafundo kila hatua, ishuke mpaka ndani ya maji, na uweke kila upande maana mtu hachagui pa kuangukia. Ngazi ya mbao au matairi yaliyounganishwa yakalazwa kwenye mteremko nayo yanafaa. Halafu weka dumu tupu la lita 20, kizibo kimekaza, lina kamba. Mwenzako akidumbukia unamrushia dumu, humfuati, ukimfuata mnakuwa wawili.

Kinachofuata kwa kuniogopesha ni umeme. Nakuta pampu inakula umeme kwenye ekstensheni ya sebuleni, imekaa juu ya tofali, waya umeviringwa mfuko wa rambo, na mtu yuko majini anavuta wavu!! Zima kwanza, chomoa, ndo uingie. Na fundi akufungie ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, kwasababu fyuzi ya kawaida inalinda waya, wewe haikulindi.

Kichocho watu wanakichukulia poa. Konokono wanapenda mabwawa ya udongo yenye majani pembeni, na vijidudu vinavyotoka kwao vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache tu. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, mchana, kwahiyo kazi ya kuingia majini ifanye asubuhi mapema, vaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, fyeka majani. Ila usipojenga choo hapo shambani unajisumbua, maana mayai yanafika majini kwa mkojo na kinyesi chetu wenyewe. Dawa ya prazikwanteli inatibu, haikukingi usiambukizwe tena wiki ijayo.

Chokaa ya bwawa mwage ukiwa umeupa upepo mgongo, na miwani ya kufunika, hasa ile chokaa hai, inachemka ikikutana na unyevu wa jicho. Ikiingia, maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi halafu hospitali. Sio maziwa. Mwiba wa kambale ukikuchoma osha na sabuni, nenda kachome pepopunda.

Wenye hachari sasa, yani mnaototolesha vifaranga, mnaogeuza vifaranga wa sato wawe madume. Ile methiltestosteroni ni homoni hasa, inayeyushwa kwenye spiriti ndo inachanganywa na chakula, na nimekuta dada anakoroga kwa mikono mitupu, jiko la mkaa liko hatua mbili. Glavu, barakoa, dirisha wazi, moto mbali kabisa. Na mjamzito hiyo kazi hapewi, wala asibembelezwe.

Na usinambie eti hili ni shamba dogo. Umeajiri mtu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakuhusu, vifaa vya kujikinga unanunua wewe, humkati kwenye mshahara, na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, unamchangia wewe.

Pale nilipodumbukia nilipita tena juzi kati. Kamba ipo, nene, mafundo yamepigwa vizuri kabisa. Amefungiwa mbuzi.