Tofali la karatasi litakaa wapi?

Wengi wanaoniletea magunia ya vitabu na majarida ya zamani hapa Lubumbashi huniuliza kwanza kama tofali la karatasi, yaani la uji wa karatasi uliochanganywa na simenti, lina nguvu. Mimi huwauliza litakaa wapi. Kwa ukuta wa kugawa vyumba, au dari chini ya mabati, linafaa sana: ni jepesi, linazuia joto, linakatwa kwa msumeno. Kubeba paa au kukaa kwenye msingi, hapana. Ukilikandamiza linabonyea, na likigusa maji linayanyonya kama utambi.

Kabla ya kuloweka ninachambua: majalada ya plastiki, pini na gundi ya mgongo vinatoka. Majarida yanayong'aa yamepakwa udongo mweupe au chokaa, kwa hiyo kilo yake ina nyuzi chache kuliko kilo ya madaftari. Ninayachanganya na karatasi nyingine, siyatumii peke yake. (Kitabu cha shule ambacho kurasa zake zimetimia hakiingii pipani kwangu, hata mwenyewe akinisihi.)

Karatasi ikishalowa usiku mzima inatwangwa mpaka iwe uji. Kwa mfuko wa simenti wa kilo 50 ninatia kama kilo 30 za karatasi, zilizopimwa kavu, na mchanga kidogo ili tofali lisinywee mno. Hapo ndipo penye gharama. Karatasi unapewa bure, simenti unainunua, na anayekuahidi nyumba ya bei rahisi hajalinganisha na tofali letu la kuchoma la udongo wa kichuguu. Kuni za tanuru tunaziokoa, ingawa simenti nayo imekula moto wake kiwandani.

Ninafyatua Mei, mvua zikiisha, nipate miezi mikavu mpaka Septemba. Halihitaji kumwagiwa maji, maana uji wenyewe umeshika maji ya kutosha kukomaza simenti. Lakini linakauka polepole huku likinywea. Ukilijenga bichi, ukuta utapasuka kwenye viungo na kuvu kuota.

Anza na safu mbili tatu za tofali la kuchoma, juu yake nailoni nzito, maji ya ardhini yasipande. Mchwa nao wanapenda karatasi. Kisha piga plasta pande zote. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, na mbabula, jiko la makaa, ikae mbali: tofali hili haliwaki kwa ndimi, linafukuta ndani kwa ndani, saa nyingi, bila mtu kujua.