Dini, Ndoa, Mimba na CV: Dhana Potofu za Watafuta Kazi

Niliwahi kupokea CV ya Kiswahili ya kijana aliyeomba ukarani wa stoo. Umri miaka 24, jinsia mwanaume, hali ya ndoa: ameolewa, watoto wanne. Nikampigia simu. Alicheka mpaka akapaliwa. CV aliichapisha steshenari ya karibu na stendi, dada wa pale akafungua faili la mteja wa asubuhi, akabadili jina na shule, yaliyobaki akayasahau. Kijana akalipa elfu mbili, akashukuru, akaondoka na ndoa ya mtu.

Nimefanya kazi ya kupokea maombi na kukaa kwenye meza ya usaili kwa miaka kadhaa sasa, na naona wengi wetu ni kama yule kijana. Mambo ya nyumbani tunayoyamwaga kwa waajiri hatukuyaamua wenyewe, tumeyakuta kwenye faili la mwingine. Swali la kujiuliza ni dogo: hili, anayeajiri analihitaji kwa kazi gani, na analihitaji lini?

Dhana: CV isiyo na dini, kabila na hali ya ndoa haijakamilika

Hakuna sheria ya Tanzania inayokutaka uyaandike hayo kwenye CV. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengine kadhaa. Wengi hudhani kinga hiyo ni ya aliyekwisha kuajiriwa. Sivyo. Kifungu hichohicho kinasema "mfanyakazi" humo ni pamoja na anayeomba kazi, na matangazo ya kazi na vigezo vya kuchagua waombaji vimo pia.

Kenya nao, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda anayetarajia kuajiriwa. Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza kufuli: hali ya ndoa na majina ya watoto, wazazi na mwenzi yamewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti, bega kwa bega na taarifa za afya. Halafu mtu anayaandika ukurasa wa kwanza, juu ya elimu yake.

Hapa Tanzania, kazi za serikali zina utaratibu wake. Sekretarieti ya Ajira hutaka cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti na wadhamini watatu, na matangazo yake huweka sharti mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Hapo umri haufichiki, na hakuna sababu ya kuuficha. Kwingineko, mstari uliouandikia kabila ningependa unieleze umewahi kusimamia stoo ya ukubwa gani.

Dhana: Kunyamaza ni kudanganya

Hii ndiyo inayowatesa waungwana. Mtu kalelewa asifiche kitu, basi akiulizwa habari za kazi anajihisi mwongo asipotaja talaka yake.

Uongo ni kusema lisilokuwepo. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Hakuna aliyeingia kwenye orodha ile kwa kutosema ana watoto wangapi.

Ugumu unakuja kwenye pengo. Nilikaa mezani siku moja na dada aliyekuwa nje ya kazi miaka miwili. Mwenzangu akamuuliza, "Hapa katikati ulikuwa wapi?" Akaanza na kansa ya mama yake, akaja kwenye kaka zake waliokataa kuchangia, akafika kwenye shamba lililouzwa. Machozi yakamtoka. Tukampa maji. Dakika kumi na tano kati ya thelathini ziliishia kwenye ugomvi wa urithi, na hesabu za benki alizokuwa anazijua vizuri kuliko wote tuliowasaili siku ile hazikupata nafasi. Angesema hivi tu: "Nilikuwa na jukumu la kifamilia lililonihitaji nyumbani. Limekwisha, na tangu Januari nimekuwa nikitunza hesabu za duka la jirani." Hakuna uongo humo, na mtu mwenye adabu hatachimba zaidi.

Kuna kimya kimoja kinachodhuru, nacho ni cha majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, na wewe unanyamaza ukitumaini hawataona. Wataona. Pata kiapo au hati ya kubadili jina, uiambatanishe tangu mwanzo. Ni karibu mahali pekee ambapo ndoa yako inaingia kwenye faili la maombi kwa haki kabisa.

Dhana: Mwenye mimba asiposema kwenye usaili, atafukuzwa ikijulikana

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haikutaki utangaze ujauzito kwenye usaili, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba si halali. Taarifa unayodaiwa ni ya likizo: umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo yenyewe ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hata wenye kazi hawaijui. Chini ya sheria hiyo, kwa kawaida likizo yenye malipo ni haki ya aliyefikisha miezi sita kazini. Mwenye mimba ya miezi mitano akianza kazi leo, mtoto atafika kabla ya hiyo miezi sita. Kwa hiyo kunyamaza ni haki yako, lakini kunyamaza mpaka tumbo lijieleze lenyewe kunaweza kukugharimu mshahara. Mimi humshauri hivi anayeniuliza: kwenye usaili zungumzia kazi, barua ya ajira ikishatoka, kabla ya kusaini, kaa na mwajiri mkubaliane kwa maandishi. Kama kazi ina mionzi, kemikali kali au zamu za usiku, sema mapema zaidi, kwa ajili yako na mtoto. Sheria yenyewe inakataza mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua.

Najua utaniambia sheria ni sheria na mwajiri ni binadamu. Atasema nafasi imejazwa. Ni kweli, wapo. Ila wengine hujisahau wakaandika: "Tunatafuta asiye na mambo ya uzazi kwa sasa," kwenye WhatsApp, na namba ya ofisi juu. Ujumbe huo usiufute. Malalamiko ya ubaguzi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na ukishaonesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kinyume unahamia kwa mwajiri.

Dhana: Kupima afya kabla ya ajira maana yake ni kueleza magonjwa yako yote

Mwajiri anachohitaji kujua ni kama unaimudu kazi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU na kumnyima nafasi ya ajira kwa sababu ya hali yake. Mwalimu anayemeza dawa kila usiku hana deni la kumweleza mkuu wa shule. Dereva wa basi mwenye kifafa ana deni, kwa sababu ugonjwa wake unakaa naye kwenye usukani.

Lakini sheria ya huku haivuki bahari. Anayekwenda kufanya kazi Oman, Saudia au nchi nyingine ya Ghuba atapimwa VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na akina dada hupimwa ujauzito, kama sehemu ya viza. Fomu za mawakala wa kazi za ndani huuliza dini, idadi ya watoto, urefu na uzito, zikabandikwa picha ya mwili mzima. Huko huwezi kuchagua la kusema, unachagua kwenda au kutokwenda.

Dhana: Ulemavu ufiche mpaka upate kazi

Kwa nafasi za serikali, matangazo huwaomba wenye ulemavu wajitambulishe, na ukificha utakuta chumba cha usaili kiko ghorofa ya tatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Usipojulikana hukuhesabiwa.

Dhana: "Jieleze" ni kuombwa historia ya ukoo

"Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa Kasulu, ni mtoto wa tano kati ya saba, wazazi wote wametangulia mbele za haki, na wadogo zangu wananitegemea." Nimesikia utangulizi wa namna hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuumalizia. Nyuma yake kuna imani kwamba huruma huleta kazi. Huruma tunaipata, nakiri, mimi mwenyewe hushindwa kumtazama mtu usoni. Kisha tunajaza alama, na kwenye fomu ya alama hakuna kisanduku cha yatima. Baya zaidi, ikifika zamu ya kuzungumza mshahara, ofisi inajua kwamba utakubali chochote.

Dhana: Kutuma namba ya NIDA na akaunti ya benki mapema kunaonesha uko siriasi

Namba ya akaunti ni ya kulipia mshahara, na mshahara haulipwi kwa aliyetuma maombi jana. Akaunti, wategemezi wa bima, mtu wa kuwasiliana naye ukipata ajali: vyote hujazwa baada ya kuajiriwa. "Kampuni" isiyo na ofisi inayotaka kitambulisho pande zote mbili, selfi umekishika kifuani, na elfu thelathini ya fomu, inakusanya vitu vya kutapelia kwa jina lako. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na Tume yake ipo, lakini tapeli mwenye laini ya kuokota haendi kujisajili huko.

Na ukishaweka namba ya simu kwenye CV, kumbuka picha ya WhatsApp inakwenda nayo. Nikisevu namba yako, mara nyingi DP ndiyo sura yako ya kwanza kwangu.

Dhana: Ukinyamaza wewe, siri imetunzwa

Kuna wadhamini. Watu huandika jina la mzee yeyote mwenye cheo bila hata kumtaarifu. Mwaka jana nilimpigia mmoja kuhusu fundi umeme ambaye CV yake ilikuwa safi, haina habari moja ya nyumbani kwake, na kwenye usaili alijibu kwa kipimo.

"Shikamoo mzee. Nauliza kuhusu utendaji wake kazini."

"Marahaba mwanangu. Ah, yule kijana ni mzuri sana. Mzuri mno. Na tangu aachane na mkewe ametulia, pombe kapunguza kabisa. Hata lile deni la kikoba analilipa kidogo kidogo."

Nikashukuru, nikakata simu. Kwenye fomu nikaandika: mdhamini anathibitisha utendaji mzuri. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameshasikia, simu yangu nilikuwa nimeiweka spika.